Kumi na Mmoja Waliokosea Pamoja

Siku ya kwanza kumwona alikuwa amesimama mlangoni pa kiwanda chetu cha uchapaji, anacheka peke yake. Mimi nilikuwa nyuma ya mashine ya kukata karatasi, nimekumbatia rundo la kadi za harusi, na kutoka pale niliona gauni la buluu lililopigwa pasi mpaka mishono inang'aa, mkoba mweusi uliobanwa kwapani, na miwani ambayo mkono wake mmoja ulikuwa umefungwa kwa uzi. Alikuwa anasoma tangazo la mlangoni. Lilisema: MARUFUKU KUINGIA BILA RUHUSA YA ASIYEHUSIKA.

"Jamani," alisema kwa sauti, bila kumlenga mtu, "huyo asiyehusika nitampata wapi anipe ruhusa?"

Wenzangu waliangua kicheko. Tangazo lile nililiandika mimi. Nilikuwa nimeona matangazo mawili sehemu mbili tofauti, nikayaunganisha nikidhani nimefanya jambo la maana, na likakaa mlangoni miaka miwili. Wateja waliingia na kutoka, wengine wasomi wenye tai, wala hakuna aliyelisoma. Yeye alifungua mkoba, akatoa kalamu nyekundu, akachora mstari juu ya maneno mawili ya mwisho.

"Nani kaandika hii?" aliuliza.

Niliinamia kadi zangu. Fundi wa mashine ya kuchapa, ambaye tulimwita Redio kwa sababu hazimi, alinitazama akabana midomo. Sijui ilikuwaje siku ile akanyamaza.

Bosi alitoka ofisini kwake amefura. "Mama, unaandika kwenye mlango wangu?"

"Nimekuja kuomba kazi ya kusahihisha," alijibu. "Nimeona nianze tu."

Alianza kweli, siku hiyo hiyo, na akakaa nasi miaka kumi na minne. Usoni tulimwita Shangazi. Mgongoni tulimwita Bi Futa. Alijua majina yote mawili na aliitikia yote mawili. Mimi peke yangu nilimwita dada, kwa sababu yeye aliniita mdogo wangu tangu wiki ya kwanza, ingawa wakati huo nilikuwa nimeshaanza kuota mvi.

Siku hizi nasikia watu wanasema alikuwa mkorofi. Wanasema alifukuzwa kwa ukaidi wake, kwamba alishindana na mteja mkubwa kwa ajili ya herufi moja. Wanasema wakicheka, na baadhi yao walikuwemo mle ndani siku ile. Ndiyo maana nimeamua kuandika, mimi ambaye kuongea mbele ya watu watatu kunanitoa jasho. Nataka ijulikane ilikuwaje.

Kazi ya kusahihisha yeye aliifanya kwa namna yake, na namna hiyo lazima niieleze, la sivyo mengine hayataeleweka. Mteja akileta maandishi yake, dada wa kompyuta anayapiga chapa, inatoka karatasi ya majaribio tunayoiita prufu. Wasahihishaji wengi wanaipitisha macho prufu wakiwa peke yao, basi. Bi Futa hakukubali. Alitaka wawe watu wawili: mmoja anashika maandishi ya mteja na kuyasoma kwa sauti, neno kwa neno, na kila alama, mwingine anafuata kwenye prufu. Alizunguka kiwanda kizima akitafuta wa kumsomea. Alimjaribu Redio, akamrudisha kwenye mashine yake baada ya ukurasa mmoja. Akaja kwangu.

"Mimi niliishia darasa la saba," nilimwambia. Nilikuwa natazama viatu vyake.

"Hebu soma."

Nikasoma, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Nilipomaliza alivua miwani.

"Wewe ndiye," alisema. "Wanaosoma haraka wananisomea yaliyomo vichwani mwao. Wewe unasoma kilichoandikwa."

Tangu hapo, mashine yangu ikinyamaza, naitwa kwenye chumba chake. Kilikuwa chumba cha vioo, nusu yake makabati, viti viwili, meza moja, taa iliyoinama. Tukiwa mle watu walipita wakitucheka, maana ukisikia kwa nje ni kama watu waliopandwa na wazimu: "Ndugu zangu mkato tunayo furaha kubwa kuwaalika kwenye ndoa ya binti yetu nukta aya mpya." Redio, aliyenipachika jina la Kimya, alikuwa akinisalimia kwa kuniiga. "Kimya mkato umeamkaje alama ya kuuliza."

Mwisho wa kila ukurasa palikuwa na saini mbili: ya msomaji na ya msahihishaji. Chini yake yeye aliandika neno moja: Ichapwe. Bila neno hilo Redio hakuruhusiwa kutengeneza pleti ya kuchapia. Utaratibu huo aliuleta yeye, na Bosi aliupenda kwa sababu wateja walikoma kurudisha kazi. Bi Futa alikuwa akiniambia kwamba nyumba anayoishi ni ya kupanga, mume alishaondoka zamani, watoto Mungu hakumjalia; chake kabisa ni ile saini. "Haijawahi kukaa chini ya uongo," alisema. "Ikikaa hata mara moja, mimi ni bibi kizee mwenye kalamu tu."

Sheria yake nyingine ilikuwa kwamba mwandishi mwenyewe akikosea, hurekebishi kimyakimya. Unamuuliza. Unaandika swali kwenye kikaratasi, unakibana pembeni kwa pini, kinakwenda kwa mwenyewe, anajibu kwa mkono wake. Hili alijifunza kwa aibu. Mwaka wake wa kwanza ililetwa kazi ya wasifu wa marehemu, imeandikwa "marehemu alipenda sana utani." Akaona hilo haliendani na msiba, akaandika "alipenda sana utu." Mjane alikuja kiwandani na kijitabu mkononi. "Utu?" alisema. "Yule? Mume wangu hakuwa na utu hata wa kulumangia. Alikuwa na utani! Hicho ndicho kitu kizuri pekee alichokuwa nacho, na nyinyi mmekifuta!" Bi Futa alilipa gharama ya kuchapa upya kutoka mshahara wake, na tangu siku hiyo hakugusa neno la mtu bila kumuuliza.

Sasa nakuja kwenye mwaka wenyewe.

Rais alikuwa anamaliza muda wake, na ndani ya chama chake zilitolewa fomu kwa wanaotaka kumrithi. Tulitegemea watu sita, saba. Wakachukua thelathini na wanne. Watia nia thelathini na wanne! Kulikuwa na mawaziri wa zamani na wa sasa, jenerali mstaafu, daktari wa meno, wenye mabasi, mhandisi mmoja wa visima, mtangazaji wa mpira, na bwana mmoja ambaye alipoulizwa kwa nini anataka urais alisema anataka kujaribu.

Nchi nzima ikageuka kuwa ya wapiga ramli. Ukienda kunyoa, kinyozi ana mtu wake. Ukienda hospitali, foleni nzima inabishana. Redio alikata picha zote thelathini na nne kwenye magazeti, akazibandika ukutani nyuma ya mashine, akawa anazihamisha kila asubuhi kama mwalimu anayepanga wanafunzi kwa urefu.

"Huyu Jenerali leo nimempandisha," alisema saa ya chai, mdomo umejaa mkate. "Jana kapiga picha na askofu na sheikh siku moja. Mnaelewa maana yake?"

"Maana yake ana gari," alisema dada wa kompyuta.

"Nyie hamjui siasa. Na huyu wa meno namshusha. Anacheka mno."

"Daktari wa meno asicheke?"

"Shangazi," Redio alimgeukia Bi Futa, "wewe unampa nani?"

Bi Futa alikuwa amesimama mlangoni pa chumba chake na kikombe. "Umemsoma hata mmoja wao?"

"Siasa haisomwi, Shangazi. Siasa inanuswa."

"Basi nenda kanuse wino ufanye kazi."

Tulicheka sana. Nikikumbuka kicheko kile, hasira inanipanda. Tulikuwa tunatazama picha. Thelathini na wanne kwenye ukuta, na sisi, watu wazima wenye familia, tunashindana nani kavaa tai gani.

Siku tisa kabla ya mkutano wa wajumbe, kazi ikatuangukia sisi. Chama kilitaka kijitabu: kila mtia nia ukurasa mmoja, picha yake, maisha yake, na ahadi zake alizoandika mwenyewe. Wajumbe wangepewa kabla ya kupiga kura ya mchujo. Ukurasa wa kwanza ulisema hivyo kwa herufi nene: "Kila mgombea ameandika kwa maneno yake mwenyewe." Bosi alitukusanya akatuambia kazi hii ni ya maisha, mkono usitetemeke. Mtu wa chama aliyeileta alikuwa kijana mnene mwenye adabu nyingi, anaitwa Mratibu. Alitusalimia mmoja mmoja, hata mimi.

Tukajifungia kwenye chumba cha vioo. Nilisoma. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa tano alikuwa yule mhandisi wa visima, mwanamke. Wa kwake ulikuwa ukurasa mkavu, hauna mbwembwe. Uliorodhesha visima alivyochimba, mahali kilipo kila kimoja, na viwili vilivyokauka, na sababu ya kukauka. Bi Futa alinyanyua kichwa. "Soma tena hapo pa kukauka." Nikasoma. "Huyu," alisema, "anajua kwamba ataulizwa."

Wa tisa alikuwa Jenerali. Nikasoma: "Serikali yangu itahakikisha kila kaya inapata maji safi na mkato salamu nukta."

"Salama," alisema.

"Imeandikwa salamu, dada. Na kuna mkato katikati."

Alichungulia karatasi yangu. Kweli. Akacheka kidogo, akaandika kikaratasi: "Je, ni salama? Mwandishi athibitishe." Redio alikuwa amesikia kupitia kioo. "Safi kabisa! Ukifungua bomba linakuuliza za asubuhi!"

Wa kumi na mbili alikuwa daktari wa meno. Nilifika katikati ya ukurasa nikasita.

"Nini?"

"Maji safi na mkato salamu nukta."

Safari hii hakucheka. Akaandika kikaratasi kingine. Wa kumi na nne, mwenye mabasi: maji safi na, mkato, salamu. Wa kumi na sita. Wa kumi na saba. Sasa kila nikiukaribia mstari ule niliuona unakuja kwa mbali, aya nzima ileile, neno kwa neno, mkato uleule uliokaa mahali pasipo pake. Tulipofika wa thelathini na nne walikuwa kumi na mmoja.

Kumi na mmoja, na watu hawa kwenye redio walikuwa wanatukanana kila siku! Jenerali alimwita mwenye mabasi mwizi wa mchana. Daktari wa meno alisema Jenerali hajui hata bei ya chumvi. Wafuasi wao walirushiana viti kwenye ukumbi, mtu mmoja akavunjika taya. Na kumbe maneno yao yametoka kwenye mkono mmoja, mkono usiojua kuandika salama.

Bi Futa alikunja mikono. Kisha akasema taratibu, "Hawa kumi na mmoja wote wanaongelea maji. Kwa nini maji?"

Nilianza kuzipekua kurasa upya.

"Kwa sababu kuna mmoja anayeyajua. Ukitaka mtu asionekane, mdogo wangu, humfichi. Unamzungushia watu waliovaa kama yeye, na siku ya kura wanajitoa, wanampisha aliyewavisha."

Hata hivyo hakutaka kukimbilia kusema. Alifuata utaratibu wake. Asubuhi yake vikaratasi kumi na kimoja, kila kimoja na jina la mwenyewe juu yake, vikakabidhiwa tarishi wa chama vipelekwe kwa watu kumi na mmoja wanaokaa pande kumi na moja za mji. Alitegemea siku mbili, tatu.

Vilirudi baada ya chakula cha mchana. Vyote, kwenye bahasha moja.

Alivipanga mezani safu mbili, akaniita nione. "Ni salama. Chapeni." "Ni salama. Chapeni." Wino wa kijani vyote, na herufi S iliyopinda kama ndoano. Chini ya kila jibu palikuwa na saini. Na mwandishi wa saini hizo alikuwa na haraka, au alichoka, maana kwenye kikaratasi cha daktari wa meno, mwanamke mwenye wajukuu, palikuwa pamesainiwa Jenerali.

Bi Futa alikigeuza kikaratasi kile mara mbili, akakirudisha mahali pake.

"Wametudharau," alisema. "Hata kudanganya vizuri wameona tabu."

Alivikusanya vikaratasi, akavitia kwenye bahasha, akafungia kwenye droo. Kurasa ishirini na tatu alizisaini na kuziandikia Ichapwe. Kumi na moja aliziacha.

Kesho yake asubuhi Mratibu akaja. Bosi alitembea nyuma yake, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Siku zote Bosi alitembea mbele. Walisimama kwenye mlango wa chumba cha vioo kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi. Mashine ilikuwa imezimwa. Kila mtu alikuwa anasikia.

"Shikamoo Mama," alisema Mratibu.

"Marahaba."

"Mama, tumeambiwa kuna kurasa zimekwama. Ni kosa la herufi moja tu, na tumeshajibu ni salama."

"Ndiyo, baba. Herufi moja, mara kumi na moja. Nani amejibu?"

"Wenyewe."

"Basi Jenerali ana saini mbili, na daktari hana hata moja. Nivitoe uvione?"

Mratibu alitabasamu. Uso wake haukubadilika hata kidogo, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Hivyo vikaratasi, Mama, naomba nivichukue. Ni mali ya chama."

"Ni mali ya kazi. Maswali niliandika mimi."

"Shangazi," Bosi aliingilia, sauti ya kubembeleza, "sisi siyo tume. Sisi ni wachapaji. Mteja akisema chapa, tunachapa. Saini tu, mama yangu, tumalize. Wewe si unasahihisha herufi? Sahihisha u iwe a."

"Ukurasa wa kwanza unasemaje? Unasema kila mtu ameandika kwa maneno yake mwenyewe. Na mimi natakiwa niandike chini Ichapwe. Sitaandika." Aligonga meza kwa kiganja. "Kila mmoja wa hawa kumi na mmoja aje hapa, akae kwenye kile kiti, aandike mbele yangu neno salama. Akiweza, nasaini. Neno moja! Anataka nchi nzima, ashindwe kuandika neno moja?"

Huko nyuma mtu mmoja alicheka, akajikohoza.

"Usiposaini, nitamtafuta wa kusaini," alisema Bosi. Kubembeleza kulikwisha. "Na meza hii nitaitafutia mwenyewe mwingine."

"Mtafute."

Bosi akageuka. Hakwenda mbali. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha pili, ndani ya chumba kilekile, karatasi zimenilalia mapajani. Walikuwa wamenikazia macho wote wawili, Bosi na Mratibu. Bi Futa hakunitazama. Alitazama meza.

"Kimya," alisema Bosi, "kurasa hizi ulisoma wewe?"

"Nilisoma."

"Uliona tatizo lolote zaidi ya hiyo herufi?"

Swali lilikuwa rahisi. Jibu lake lilikuwa mdomoni: niliona, ni mkono mmoja, vikaratasi vimo kwenye droo ya kushoto. Sekunde kumi zingetosha. Nyuma ya kioo walikuwa wamesimama Redio, dada wa kompyuta, fundi wa kubandika majalada na dereva, watu wanne waliosikia kila kitu, na nadhani kama ningefungua mdomo angalau mmoja wao angesema ndiyo, hata sisi tumesikia. Sijui. Hatutajua.

"Hapana," nilisema.

"Basi saini hapa na hapa. Pote pawili."

Nikasaini. Kurasa kumi na moja, saini ishirini na mbili, na chini ya kila moja nikaandika Ichapwe, kwa mwandiko wangu wa darasa la saba, huku mwenye neno lile amekaa umbali wa mkono mmoja. Kalamu niliyotumia ilikuwa yake. Nilikuwa sina yangu. Sababu ya kujitetea nayo hapa sina. Nimeitafuta kwa muda mrefu. Kila ninayoipata inanuka.

Bi Futa alifungua droo, akampa Mratibu bahasha. "Chukua," alisema. "Aliyevisoma vimemtosha." Akaweka mkobani rula yake, miwani ya akiba na kitakia cha kiti, akapita katikati yetu. Redio alisema, "Shangazi, jamani," kwa sauti ya chini. Hakuitika. Miaka kumi na minne, na alitoka kama mteja aliyekosa bei.

Mchana ule mashine iliunguruma. Vijitabu elfu mbili. Mimi ndiye niliyevikata kingo, rundo kwa rundo, na zile kurasa kumi na moja zote zilisema salama.

Siku nne baadaye wajumbe walikutana. Tulisikiliza pale kiwandani, redio imewekwa juu ya makopo ya wino. Saa tatu asubuhi, kabla ya kura, mmoja wa watia nia akapanda jukwaani akasema kwa ajili ya umoja wa chama anajitoa, na anawaomba wajumbe wake wamuunge mkono namba kumi na tisa. Akapanda mwingine. Jenerali akapanda. Daktari wa meno akapanda, wakakumbatiana na Jenerali, ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Nilikuwa nahesabu kwa vidole chini ya meza. Walipofika kumi na mmoja wakaacha. Namba kumi na tisa kwenye kijitabu chetu alikuwa mtu mpole ambaye Redio alimbandika chini kabisa, karibu na swichi, kwenye kundi aliloliita la kujazia. Akashinda. Mhandisi wa visima alikuwa wa tatu.

"Nani angejua!" Redio alipiga kelele, ameshika kichwa. "Jamani, nani angejua?"

Dada wa kompyuta akasema hakuna ambaye angejua. Bosi akatoka ofisini akasema siasa ni mchezo wa ajabu, nani angejua. Walisema hivyo kinyozi, muuza magazeti, na mtu wa dukani. Jiji zima lilikuwa linasema neno hilo kwa furaha, kama watu waliotoka kutazama mpira mzuri. Nilitaka kupiga kitu. Nilichukua rundo la karatasi tupu nikalikata, nikalikata tena, mpaka Redio akaja kuzima mashine yangu.

Nilipotoka kazini, jua lilikuwa bado kali, nikaenda nyumbani kwa Bi Futa. Miaka yote ile sikuwahi kufika. Vyumba viwili nyuma ya nyumba ya fundi cherehani, kapeti la plastiki lililofutwa likang'aa, magazeti yamepangwa kwa tarehe kando ya ukuta, yamejaa alama nyekundu. Alifungua mlango akanikuta nimesimama. Alinikaribisha ndani, akanipa kiti, akaniletea maji kwenye glasi, kama angemfanyia mgeni yeyote. Yeye hakukaa.

Baada ya hapo hatukuonana tena. Mwaka uliofuata presha ilimwangusha akiwa sokoni. Kwenye mazishi nilisimama nyuma kabisa, na wasifu wake ulisomwa kutoka karatasi iliyochapwa pale kwetu. Ulikuwa na makosa manne. Jina la mama yake lilikuwa mojawapo. Wakati huo msahihishaji alikuwa ni mpwa wa Bosi, anayesoma peke yake, harakaharaka, simu mkononi. Nilikaa na karatasi ile mkononi mpaka watu wakatawanyika, na hata kwa hilo sikumwambia mtu kitu.

Lakini siku ile nyumbani kwake nilikuwa nimejiandaa. Njia nzima nilikuwa najirudia maneno: dada, nisamehe. Nilipokaa yakapotea. Nikanywa maji. Nikasema lililokuja.

"Umepatia, dada. Wamejitoa wote. Kumi na mmoja kamili."

Nilidhani atafurahi. Alinitazama, na nikaona uso wake unabadilika, unakuwa wa rangi ya mtu aliyepigwa kibao.

"Nimepatia?" alisema. "Kumbe unafikiri nilikuwa nabahatisha? Redio ndiye anayebahatisha na picha zake. Mimi nilisoma! Na wewe ulisoma, kwa sauti, mkato kwa mkato. Siku tano kabla ya nchi nzima sisi wawili tulijua, na walipokuuliza ukasema hapana. Leo unaniletea habari, kama vile hukuwepo."

"Dada..." nilisema.

Alichukua glasi mkononi mwangu, ingawa ilikuwa bado na maji, akafungua mlango, akasimama pembeni yake.

"Nenda, mdogo wangu," alisema. "Leo sikusindikizi."